Kata ya Mama Aisia

Wakubwa wenye baraza, nanyi wadogo mlioketi mbele yao, nawasalimu kila mtu kwa daraja lake. Naomba radhi kwa waliokosa pa kukaa. Sikuja na jibu. Nimekuja na shauri lililonishinda, mnisaidie kulikata.

Kwa asiyevijua vinywaji, nianzie mwanzo. Bia huzaliwa na nafaka, mvinyo huzaliwa na tunda. Pombe kali ni mvuke wa kimojawapo, uliopandishwa kwa moto ukashushwa kwa baridi. Na ile tamu inayonywewa kwa vikombe vidogo ni pombe kali iliyofunzwa adabu kwa sukari, viungo na maganda ya machungwa. Lakini iko moja, huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yenye wazazi wote wawili. Ulezi ni nafaka, ndizi ni tunda, na mtoto wao huitwa mbege.

Mama Aisia aliipika mbege hata watu wakawa wanapita vilabu vingine kumfuata. Alijaliwa watoto watatu, akamfunza kila mmoja sehemu moja tu ya kazi yake. Aikande, kifungua mimba, alipewa ndizi: aliweza kujua kwa pua saa ya kuziepua. Ndewirwa, wa pili, alipewa ulezi: aliuotesha, akauanika, ukawa kimea. Anaeli, kitinda mimba, alipewa msesewe, gamba la mti linaloipa mbege uchungu wake. Bila hilo ni uji mtamu. Walipomuuliza mama yao kwa nini hamfunzi mmoja yote, aliwajibu kwamba ajuaye yote hahitaji ndugu.

Mama Aisia akafariki. Mumewe, Mzee Lyatuu, hakulia mbele za watu. Alipungua tu, nguo zikamwelea mwilini. Majirani wakamletea vinywaji wamliwaze. Bia ya chupa aliiona baridi kama salamu ya mwenye haraka. Mvinyo mwekundu wa zabibu za Dodoma aliusifu, akasema ni mgeni mstaarabu, ila hamjui mtu yeyote humu ndani. Pombe kali ikamtoa machozi, naye akaishukuru kwa kumpa kisingizio. Ile tamu ya machungwa akawagawia kina mama. Kiu ya kinywa ni maji, kiu ya moyo ni mtu.

Watoto wakapata habari, wakarudi nyumbani wampikie mbege ya mama yao.

Aikande alikuwa mke wa mwinjilisti na sauti ya kwanza katika kwaya. Alifukia ndizi zikaiva, akazichemsha mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichachuke. Ili ajue zimefika, hakuwa na budi kuzilamba kwa ncha ya kidole. Habari ilifika kanisani kabla kidole hakijakauka, akaondolewa katika kwaya.

Ndewirwa alikuwa amehamia Kilosa kulima. Ulezi wa mama, ule mwembamba wenye rangi ya damu, ulikwisha kupotea Machame. Mbegu zilizosalia zilikuwa kwenye kibuyu chake, zikingoja mvua. Hakuzipanda. Alizilowesha, zikaota, akazianika, akazisaga zote. Ulezi ule haumo tena shambani mwa mtu.

Anaeli alikuwa ameachika. Mti wa msesewe wa mama ulikwisha kukatwa, na mwingine ulisimama katika kihamba cha aliyekuwa mumewe, lile shamba la migomba lizungukalo nyumba, ndani ya lango alilotolewa na mizigo yake majirani wakitazama. Akapiga hodi.

"Umerudi kuomba radhi?" mwanamume akamuuliza, na mke mpya akicheka nyuma yake.

"Nimerudi kuomba gamba."

Wakamwacha juani hadi kivuli chake kikahama upande. Akasubiri. Akapewa.

Wakachanganya. Kulipokucha mtungi ulikuwa ukitoa povu, na Mzee Lyatuu akatokea mlangoni bila fimbo, akavuta pumzi. "Ni yeye," akasema. Akarudi ndani, akatoka na kata ya mkewe, kile kibuyu cha kunywea chenye mpini mrefu, akachota mbege kikajaa.

Sasa sikilizeni desturi. Aliyepika mbege huonja kwanza mbele ya wanywaji, waamini kwamba haina dhara. Na katika nyumba ile, aonjaye kwa kata hiyo ndiye aimilikiye kata yenyewe. Mama Aisia aliipata hivyo kwa mama mkwe wake. Mzee naye hajawahi kunywa kabla ya mpikaji, wala hataanza uzeeni.

"Aliyepika aonje," akasema.

Mikono mitatu ikanyooka. Kisha mitatu ikarudi.

"Mimi Jumapili sina pa kusimama tena," Aikande akasema.

"Utasimama nyuma, dada, pana nafasi. Mbegu zangu hazina nyuma wala mbele, zimekwisha."

"Ninyi mmepoteza vitu," Anaeli akasema taratibu. "Mimi nilisimama pale, wakanitazama."

"Aibu hupoa, mdogo wangu," Ndewirwa akamwambia.

"Ungeisimamia wewe ndipo uniambie inavyopoa."

Jirani yao, Bibi Nakiete, aliyekuja na kikombe chake mapema, akawaambia waendelee tu kubishana, kesho wamwonjeshe baba yao siki. Naye alisema kweli, maana mbege haisubiri. Povu lilikuwa likishuka ndani ya kata, na pua ya mzee haikutoka juu ya kinywaji kile.

"Wanangu," akasema, "mama yenu amesimama mlangoni. Nani anamkaribisha?"

Ndugu wasikilizaji, bila ndizi hakuna mbege, bila ulezi hakuna, bila msesewe hakuna. Kata ni moja. Ukiipasua, wanabaki na vigae, na mzee anabaki na kiu yake. Je, wewe ungeiweka mkononi mwa nani?

Aliyenisimulia kwanza, naye akanyamaza papa hapa, ni shangazi yangu, Siael Munuo.