Digidigi Aliyefelishwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Sema wewe mwenye hadithi."

"Pakawa na shule, pakawa na uwanja, pakawa na tumbo."

"Tumbo la nani?"

"Kaeni vizuri, mtalijua. Na asicheke mtu mapema, maana hadithi hii kila nikiisimulia nakasirika."

Basi hapo kale palikuwa na Digidigi, mdogo wa kimo, mwepesi wa miguu, mwanafunzi wa darasa la mwisho katika shule ya Kiboko. Kiboko alikuwa mwalimu mkuu, na kazi aliyoijua ilikuwa kula. Kila mwaka shule zote za mwituni zilishindana mbio, na mshindi aliiletea shule yake lundo la miwa na matikiti.

Digidigi akakimbia, tiki-tiki-tiki, akashinda. Kiboko akala, kachu-kachu-kachu, hata ganda hakumbakizia. Kisha akapanda kichuguu akatangaza matokeo ya mtihani: "Digidigi amefeli. Arudie darasa."

Mwaka wa pili Digidigi akakimbia, tiki-tiki-tiki, akashinda. Kiboko akala, kachu-kachu-kachu. "Digidigi amefeli. Arudie darasa."

Hakuwa amefeli, jamani. Alijua alichoandika, na alijua kwa nini anafelishwa. Aliyefaulu darasa la mwisho huaga shule, na akiaga yeye, nani atamletea bwana mkubwa miwa? Wenzake walikwisha vuka mto kwenda Chuoni. Yeye alibaki kwenye dawati lile lile, akisoma na wadogo wa wadogo zake. Alikitaka Chuo kile kuliko chakula. Lakini Chuo kilikuwa na sharti: mwanariadha hapokelewi kwa miguu peke yake, lazima awe amefaulu.

Akaenda kwa Kiboko. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya. Naomba kuuona mtihani wangu."

Kiboko akacheka, puuu, maji yakamtoka puani. "Akili zako ziko miguuni, mwanangu. Hesabu huiwezi. Shukuru nimekuhifadhi hapa."

Hasira ikampanda Digidigi mpaka pembe zikamwasha. Akaimeza. "Nimekuelewa, mwalimu. Hesabu siiwezi."

Siku ya mbio ikafika. Korongo, mkuu wa Chuo, alikuja kutafuta wakimbiaji, akakaa karibu na lile lundo. Mbio zilikuwa za mizunguko mitano. Digidigi akatoka, tiki-tiki-tiki, akawaacha wote mbali. Alipoanza mzunguko wa mwisho akasimama. Akakaa chini.

"Kimbia!" Kiboko akanguruma.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Umebaki mzunguko mmoja."

"Nitajuaje? Mimi hesabu siiwezi. Umesema mwenyewe."

Nyuma Swala alikuwa anakuja, kutu-kutu-kutu. Kiboko akamtazama Swala, akaitazama miwa, mate yakamdondoka.

"Unaiweza. Inuka."

"Unanipa moyo tu, mwalimu. Nilifeli."

Kutu-kutu-kutu.

"Hukufeli! Ulipata zote, mwaka jana na mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekufelisha. Sasa inuka ukimbie!"

Korongo akanyoosha shingo. "Kumbe alifaulu?"

"Alifaulu, alifaulu, mwache akimbie."

"Kama alifaulu darasa la mwisho, si mwanafunzi wako tena," akasema Korongo. "Hana ruhusa ya kuishindania shule yako. Ni wa kwangu huyu."

Swala akapita, akamaliza, na lundo likaenda shule nyingine. Digidigi akainuka, akajipangusa vumbi, akatoka uwanjani kwa mwendo wa kawaida. Alipofika mbele ya Kiboko akasimama.

"Miwa utapata mingine," akamwambia. "Miaka yangu uliyoila utanirudishia na nini?"

Kiboko akafumbua lile domo lake lote, akalifuata lundo kwa macho. Digidigi akavuka mto. Huko Chuoni alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, na kila alipoulizwa umri wake alikasirika upya.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, watoto, ni hili: mheshimuni mwalimu mkuu, msiulize mitihani yenu, na mkiambiwa hamjui hesabu, itikieni ndiyo. Halafu mkae chini, tena pale mbele ya watu wote.