Kadi Mbili na Nafasi ya Kungojea

Mtu mmoja alikuwa na kadi mbili mezani, na ruhusa ya kubaki na moja. Jina lake Ambakisye, fundi wa mtandao katika hospitali iliyo juu ya kilima. Kadi hizo si za salamu wala za chanjo. Zilikuwa vibao vizito vya chuma, kila kimoja na matundu arobaini na nane ya kuchomekea nyaya. Kibao kama hicho husukumwa ndani ya kabati la mtandao, na kwa matundu yake vyumba vyote huzungumza: maabara na wodi, wodi na duka la dawa, chumba cha picha na daktari bingwa aliye mji wa mbali. Kabati lilibakiwa na nafasi moja tu. Alasiri gari la muuzaji lingekuja kuchukua kadi itakayokataliwa.

Hospitali ile hupasua vichwa. Daktari wa kilimani husimama na kisu mkononi, macho kwenye skrini, hadi bingwa aione picha na kumwambia akate wapi. Ambakisye alilijua hilo, na aliogopa kukosea.

Akazilinganisha. Matundu sawa, kasi iliyoandikwa sawa, hata skrubu sawa. Zilifanana kama shilingi kwa ya pili, ila moja iling'aa usoni na kuwaka taa za buluu, na ya pili ilikuwa ya kijivu, imejaa ndani safu za vipande vyeusi visivyo na taa. Vipande hivyo fundi alivipita kwa macho tu. Kisha akafanya kama alivyofundishwa: akachomeka waya tundu la kwanza, akatuma ujumbe, ukafika, akatia tiki. Tundu la pili, tiki. Hivyo hadi la mwisho, kwa kadi zote mbili. Tusimcheke. Hata sisi hupimana hivyo, mmoja mmoja, siku ya utulivu. Tiki zilipolingana, akashika kalamu aandike jina la ile inayong'aa.

Sista Tulinagwe, muuguzi wa mapokezi, alikuwa amekuja kuuliza mbona kompyuta yake imekatika. Miaka ishirini amepokea watu mlangoni. Akaitazama ile karatasi ya tiki, akasema, "Fundi, hizi umezijaribu mlango mmoja mmoja, lakini wagonjwa wangu hawaji mmoja mmoja."

Kalamu ikasimama. Asubuhi ile hapakuwa na upasuaji, basi Ambakisye akaomba vyumba vyote vitume kwa pamoja, vyote kuelekea waya mmoja uendao mjini, na pamoja navyo picha ya zamani ya kichwa. Kadi inayong'aa ikatangulia. Taa zake zilicheza vizuri ajabu, lakini skrini ilihesabu vipande vya ujumbe vilivyoangushwa, mamia kwa mamia. Kadi haikuwa na ubaya na mtu. Haikuwa na pa kuviweka. Kilichoanguka hutumwa upya, na kinachotumwa upya huchelewa. Picha ya kichwa ilikwama nusu, penye jicho.

Akaweka ya kijivu. Waya wa mjini ulikuwa mwembamba vilevile, na vyumba vilipiga kelele vilevile. Hakuna kilichoanguka. Vile vipande vyeusi vilikuwa kumbukumbu, sebule ya ujumbe uliokuta njia imejaa. Kila uliofika ulipokelewa, ukashikwa, na zamu yake ilipowadia ukaachiliwa uende. Maabara ikapita, duka la dawa likapita, hata jikoni na orodha yao ya maharage. Na picha ikafika, nzima.

Ambakisye alijikuta amevua kofia. Kicho kilimjaa, na hakuona aibu. Usione vyaelea, vimeundwa: mtu asiyemjua, mahali asipopajua, aliwawaza watu wote wakilia kwa wakati mmoja, akawajengea pa kungojea. Na mahali penyewe hapakuwa na taa hata moja. Fundi akasimama mbele ya kabati kama asimamaye ibadani, na Sista Tulinagwe kando yake, kompyuta yake ameisahau.

Gari likaondoka na kadi inayong'aa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kliniki imefurika na vyumba vyote vinatuma, mama mmoja alikuwa mezani kwa upasuaji. Picha yake haikupoteza hata kipande. Daktari akaambiwa mahali, akakata, na mama akaamka akaomba uji. Hakujua alihifadhiwa na nini, wala hatajua.

Ndugu zangu, watu hutusifu kwa wingi wa milango yetu. Siku watakapobisha hodi wote kwa pamoja, ndani mwetu pana nafasi ya wangapi?