Chakula Kilichotoka Nyuma ya Nyumba

Mjane mmoja wa milimani, jina lake Nakijwa, alikuwa na binti wa kuoza, shamba lenye rutuba nyuma ya nyumba, na kijiji cha kukiridhisha. Hilo la tatu ndilo lililomkondesha.

Kijiji kilikuwa na desturi yake. Karamu haikuliwa mpaka mshereheshaji asimame na kutaja kila chakula kimetoka wapi. Mchele umesafiri siku mbili: vigelegele. Vitunguu vimevuka mikoa mitatu: vigelegele. Matufaha yamepanda meli: hapo akina mama husimama kabisa, utadhani tufaha ndilo bwana harusi. Aliyelisha watu cha karibu aliitwa mchoyo, na mkwe aliyelishwa cha karibu alikuwa na haki ya kuondoka na kijana wake.

Kwa hiyo Nakijwa, ambaye viazi vyake vilikuwa vinapasua ardhi kwa unene, alishuka barabarani kuagiza viazi vya mbali.

Kwenye kona akakuta malori mawili yamekabana uso kwa uso. Moja lilikuwa linapandisha viazi vya mbali. Jingine lilikuwa linashusha viazi vya kijiji, kuvipeleka huko huko mbali.

“Rudi nyuma wewe, viazi vyangu vinawahi harusi,” dereva mmoja alisema.

“Na vyangu vinawahi nini, msiba?” akajibu mwenzake.

Hakuna aliyerudi. Tangu asubuhi hadi adhuhuri injini ziliunguruma. Moshi ukatua juu ya maharage ya watu, na mafuta yakachuruzika hadi kwenye mfereji wa maji wanayokunywa. Nakijwa alichuma jani la haragwe, akalifuta kwa kidole. Kidole kikawa cheusi kama cha fundi gereji. Akakiosha mferejini, maji yakamwongezea weusi mwingine. Basi akakaa juu ya jiwe, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyegundua kwamba ameshinda kanisani amevaa gauni nje ndani. Hakuagiza kitu. Alipanda kwake akachukua jembe.

Siku ya harusi wakwe walifika kutoka ng'ambo ya mlima, vumbi hadi kwenye nyusi, wakiongozwa na Mzee Senkoro, baba wa bwana harusi, mtu mwenye tumbo la heshima. Mshereheshaji Kiangi alisimama na karatasi aliyopewa na Nakijwa. Akaisoma kimoyomoyo. Akaigeuza upande wa pili kutafuta msaada, akakuta peupe.

“Makande,” alitangaza, kama mtu anayesoma tanzia yake mwenyewe, “yametoka nyuma ya nyumba. Viazi, nyuma ya nyumba. Magimbi, nyuma ya nyumba, upande wa choo.”

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi harusi aliinama mpaka shela ikagusa magoti.

Mzee Senkoro akaweka sahani chini. “Mama,” alisema taratibu, “yaani sisi hatukustahili hata kitunguu cha mbali?”

Mwanamke huyo anastahili kuvuliwa kofia. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, ndoa ya mwanawe inaning'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja mwenye njaa, naye akasimama wima, mwiko mkononi.

“Mkwe wangu, waliotoka mbali leo ni ninyi. Chakula kilikuwa nyumbani, kinawasubiri.”

Mzee akainua sahani, akachota makande, akatafuna huku watu wakimtazama taya. Akachota tena kabla ya kumeza tonge la kwanza. Alipoinyoosha sahani iongezwe, mkewe ndiye aliyepiga kigelegele, na mlima ukaitika.

Binti aliolewa. Mwaka uliofuata wenye harusi walianza kuombana mbegu, na zikawepo siku ambazo kona ile haikupitiwa na lori hata moja.

Basi ninyi mnaoandaa karamu, nauli mnamlipia nani: ndugu yenu, au kiazi?