Kibao cha Fundi Chengula

Ndugu yangu, hii nimeletewa asubuhi nikiwa na kikombe mkononi, na chai ikapoa. Isome taratibu, kisha umpelekee yule mtu wako anayejiona hajawahi kukosea. Tunao wote.

Palikuwa na karakana moja huko Njombe iliyokata chuma kwa mashine ya kompyuta: mageti, vibao, mapambo ya madirisha. Michoro yote ilitoka kwa Mwalimu Mgaya. Nusu ya wachoraji wa mji ule walipita mikononi mwake, na jina la mwalimu lilikuwa limemkaa vizuri. Kazi yake ikikatwa ilitoka safi, kama ilivyokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Miaka kumi na moja hakuna bamba lililoharibika, na hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa.

Aliyeendesha mashine miaka yote hiyo ni Fundi Chengula, mtu wa salamu na kazi, basi. Mwezi wa pili akaugua. Mwezi wa tatu wakamzika, na mashine ikasimama hadi alipopatikana mtu mwingine.

Siku moja mjane wake akaja karakanani na bamba la shaba.

"Mwalimu, Jumamosi ndugu wanatoka Makete kuja kusimika msalaba kaburini. Naomba kibao cha jina lake. Bamba ni hili moja tu, alilitunza mwenyewe."

"Mama, hilo niachie mimi."

Mgaya akachora kiganja kimeshika nyundo, na chini yake jina la marehemu limesimama juu ya mstari mnene. Uzuri wake acha tu. Lakini sikiliza alivyochora. Akitaka tundu, hakukata umbo kwa umbo. Aliweka kipande cheupe juu, tundu likaonekana. Akitaka nyundo ishikane na kiganja, hakuviunganisha viwe umbo moja. Alivilaza, kimoja juu ya kingine. Kwenye kioo nani atajua? Ndivyo alivyofanya siku zote, na siku zote kazi ilitoka.

Alhamisi Mama Chengula akaja kushuhudia. Kwenye mashine alikuwa Luvanda, fundi mpya mwenye wiki tatu tu, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amekata michoro ya zamani tu. Akaingiza mchoro, akawasha.

Sasa mashine ile haijui rangi. Inafuata mstari, na mstari uliofichwa chini nao ni mstari. Ikakata yote. Nyundo ikaangukia huku, vidole kule, na herufi za jina la marehemu zikadondoka moja moja kwenye trei ya maji.

Mwalimu Mgaya akapandisha hasira.

"Umefanya nini wewe? Miaka kumi na moja sijaharibu bamba, leo unakuja kuniharibia la marehemu, mbele ya mke wake!"

Luvanda hakubishana. Aligeuza kioo kila mtu aone, akaondoa rangi zote, ikabaki mistari mitupu. Lo! Duara juu ya duara, kiraka juu ya kiraka, kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

"Nimekata ulichochora, mwalimu."

"Basi ngoja niigeuze yote iwe picha moja," Mgaya akasema haraka. "Hivyo viraka havitaonekana."

"Havitaonekana, lakini na mistari itakuwa imepotea. Mashine itafuata nini?"

Mgaya akafungua kinywa atafute mwingine wa kumlaumu. Mama Chengula, ambaye muda wote alikuwa akiokota herufi za jina la mumewe na kuziweka kwenye kitenge chake, akamtangulia.

"Kumbe ndiyo haya."

"Yapi, mama?"

"Kila Jumapili tukitoka kanisani, baba alikaa na michoro yako kwenye kompyuta pale mezani. Anakata, anaunganisha, anafuta vya chini. Nikamwuliza, kwa nini usimwambie mwenyewe? Akasema, yule ni mwalimu wa watu, nikimwambia ataona aibu."

Mwalimu Mgaya alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka alivyokuwa akimsema Chengula kwa uvivu: "Mbona kazi inakaa kwako siku mbili?" Mtu anakaa siku mbili akikunyooshea kazi, nawe unamwita mvivu! Na kibao pekee ambacho Chengula hakuwahi kukinyoosha kilikuwa cha kaburi lake.

"Nisamehe, mama," akasema, macho chini.

"Mimi nataka kibao Jumamosi," mama akajibu.

Mgaya akavuta kiti, akakaa kando ya yule kijana wa wiki tatu. "Nionyeshe," akamwambia. Wakaanza upya. Alikata tundu likawa tundu kweli. Aliunganisha nyundo na kiganja vikawa kitu kimoja, herufi na mstari wake vivyo hivyo. Kila hatua aliondoa rangi, akatazama mistari mitupu. Alikosea mara nyingi mno, mbele ya vijana wa karakana aliowahi kuwafundisha. Shaba ilikuwa imekwisha, wakakata chuma cha kawaida.

Jumamosi kibao kikafungwa msalabani. Ndugu wa Makete wakakizunguka, wakakipapasa. Mzee mmoja akasema, "Jamani, mkono wa mwalimu haujawahi kukosea."

Mama Chengula akanyamaza. Angeweza kusema, hakusema. Mgaya naye angeweza kuitikia kwa kichwa, mambo yakaisha. Akavua kofia.

"Wazee wangu, kazi zangu zote mlizozisifu, huyu aliyelala hapa ndiye aliyezinyoosha, na mimi sikujua wala sikuuliza. Hii ndiyo ya kwanza niliyoifanya mwenyewe."

Funzo: Kosa lililofunikwa bado lipo, linasubiri siku yake. Na wewe unayejisifu kwamba hujawahi kuharibu, uliza leo ni nani anayekusitiri, umshukuru angali hai.