Nani Anapanga Timu ya Bondeni

Krup.

— Mmesikia?

— Tumesikia.

— Mmesikia nini?

— Usiku unatafuna.

— Nina ngano.

— Igawe.

— Ina uwongo ndani.

— Ndio chumvi yake.

— Ina ukweli pia.

— Weka kidogo, usituvimbishe matumbo.

— Basi sogeeni.

Zamani wanyama walipokuwa na timu lakini hawana kombe, sauti hiyo ilisikika Bondeni kila usiku. Krup. Asubuhi wachezaji wakija mazoezini, wanakuta sehemu nyingine ya uwanja haina nyasi. Leo kona. Kesho katikati. Keshokutwa mbele ya goli. Mchezaji akikimbia, chwaa, anateleza. Akiinuka, chwaa, anateleza tena.

"Nani anaula uwanja?" wanyama waliulizana.

"Kuna mtu," alisema Ngiri.

"Yupo mtu," alisema Punda Milia.

"Simtaji jina," alisema Ngiri.

Timu ya Bondeni ilikuwa na Mwenyekiti. Alikuwa mkubwa, alikuwa mzito, na mdomo wake ukifunguka ulikuwa kama mlango wa ghala. Mchana alikaa majini akabakiza pua na masikio. Jioni alitoka, na njia ikapanuka. Jina alikuwa nalo, ila halikutajwa. Mnyama mmoja aliwahi kulitaja, na tangu siku hiyo hakuonekana uwanjani wala kwingine. Kwa hiyo mbele yake walimwita Mwenyekiti, na nyuma yake walimwita mtu.

Mwenyekiti alipenda kula. Kiingilio cha mechi kilikuwa boga moja, na maboga hayo yalikuwa ya wachezaji. Yaliingia kwa Mwenyekiti yakiwa mazima. Hayakutoka.

Mwenyekiti alipenda pia wanawe. Mmoja alikuwa straika, namba tisa. Hakuwa na mbio, lakini alikuwa na baba. Wa pili alikuwa golikipa. Mpira ukija aliruka, tena vizuri, kuelekea upande ambao mpira haupo. Na Swala, mwenye mbio kuliko wote, alikaa benchi. Alikaa mpaka benchi likapata umbo lake.

Timu ikifungwa, mashabiki walikusanyika uwanjani. Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa mgongoni mwa Mwenyekiti, ndiye aliyekuwa Msemaji wa Timu. Alitua juu ya mwamba wa goli, akakohoa, akauliza:

"Nani aondoke?"

Mashabiki wakajibu, "Kobe."

Kobe, kocha, akavushwa mto. Akaja Korongo. Timu ikafungwa.

"Nani aondoke?"

"Korongo."

Korongo akavushwa mto. Akaja Kima. Timu ikafungwa. Kima naye akavushwa. Mashabiki wakatunga wimbo, wakawa wanauimba wakirudi nyumbani:

Kocha kaja, kocha kenda,
timu ni ile ile.
Kocha kaja, kocha kenda,
benchi ni lile lile.

Sheria ya Bondeni ilikuwa fupi. Swali likishaulizwa, atakayetajwa ataondoka. Asipotajwa mtu, ataondoka kocha. Na kocha haruhusiwi kusema neno.

Sasa, Pimbi hakuomba ukocha. Pimbi ni mnyama mdogo, hazidi sungura, anaishi kwenye majabali na watoto wake. Siku moja alikuja kutazama mazoezi, akasema, kwa sauti ya chini tu, kwamba Swala yuko huru pale pembeni. Yangeyange akasikia. Kesho yake ikatoka taarifa: uongozi unayo furaha kumtangaza kocha mpya.

Pimbi akafungwa mechi ya kwanza. Yangeyange hakuuliza swali, kwa sababu mechi ya kwanza ni ya kufahamiana. Ila alimwinamia Pimbi sikioni. "Ya pili haina kufahamiana, Kocha."

Ng'ambo ya mto hakuna jabali hata moja. Ni tope, na nyoka, na tope. Pimbi hawezi kulea watoto topeni. Akaenda zake kijiweni kwa Bi Kanga, muuza kahawa, akakaa pembeni, akasikiliza.

"Mimi nasema kocha hajui kubadilisha wachezaji," alisema Punda Milia.

"Abadilishe vipi?" akasema Ngiri. "Anapangiwa."

"Anapangiwa na nani?"

"Na mtu."

"Lakini namba tisa yule, ndugu yangu. Jana amepewa mpira goli tupu, akaukalia."

"Unadhani kwa nini anacheza? Mtoto wa nani yule?"

"Mtoto wa mtu."

"Basi."

Bi Kanga akamimina kahawa. "Mnapiga kelele hapa kila siku. Kwa nini msimwambie mwenyewe?"

"Bi Kanga, wewe uza kahawa."

"Nauza. Nauliza tu."

"Mimi siogopi," alisema Ngiri. "Angekuwa hapa ningemwambia usoni. Ila usoni pake ni pakubwa, huwezi kujua uanzie wapi."

Pimbi akaweka kikombe chini. "Mzee Ngiri, kinachokuzuia ni uso tu?"

"Ni uso, mama. Akikutazama, maneno yanarudi tumboni."

"Ahsante," alisema Pimbi, akaondoka.

Ikafika siku ya mechi ya pili, Bondeni na Nyani wa Korongoni. Asubuhi Pimbi akashuka mtoni. Pua ilikuwa juu ya maji, na masikio.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Yangeyange amekupa ushauri wangu?"

"Amenipa. Wanao wote wawili waanze."

"Ni ushauri tu. Timu unapanga wewe."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Nimepita kwenye lango la kuingilia uwanjani alfajiri. Nimemkuta Nyani mmoja."

"Anafanya nini?"

"Ameinama."

"Kisha?"

"Akajikuna."

"Kisha?"

"Akaenda zake."

Masikio ya Mwenyekiti yakazunguka, moja huku, moja kule. Maji yakafanya bwaa, na Mwenyekiti akatokea mzima.

"Amefukia kitu langoni."

"Hilo sijasema, Mwenyekiti. Nimesema amejikuna."

"Wewe mpira huujui. Mpira una mambo. Leo hakuna mtu wa timu yangu atakayepita langoni. Mtu akipita pale miguu inakauka. Tutapita kwenye tundu la Nungunungu."

Tundu la Nungunungu lilikuwa kwenye ua wa miiba uliozunguka uwanja. Nungunungu, golikipa wa akiba, alilitumia kwenda nyumbani.

"Na tutapita kinyumenyume," alisema Mwenyekiti, "ili uchawi udhani tunatoka."

"Sawa, Mwenyekiti. Nani atangulie?"

"Hao wa benchi. Kama na huko kuna kitu, kiwapate wao. Kisha mimi. Wanangu watafuata nyuma yangu. Mtoto hamtangulii baba."

"Sawa, Mwenyekiti," alisema Pimbi.

Mashabiki wakapita langoni na maboga yao, kwa sababu uchawi wa mpira hauna habari na mashabiki. Timu ikaenda nyuma ya uwanja.

Nungunungu akageuka, akapita kinyumenyume. Swii.

Swala akageuka, akapita kinyumenyume. Swii.

Mbweha akapita, swii. Nguchiro akapita, swii. Benchi lote na wachezaji wengine wakapita, swii, swii, swii.

Mwenyekiti akageuka, akapita kinyumenyume. Nusu.

Akavuta pumzi, akajisukuma. Mbwii. Miiba ikamkaza. Akataka kurudi mbele, miiba ikamkaza zaidi. Makalio yakawa ndani ya uwanja, yanatazama mechi. Kichwa kikawa nje, kinatazama pori.

"Baba," alisema namba tisa, aliyekuwa nje bado, "tufanyeje?"

"Subirini."

"Tukapite langoni?"

"Mkauke miguu?"

"Hapana, baba."

"Basi subirini."

Wakasubiri. Walikuwa watoto wazuri, wakaanza kula majani.

Mwamuzi Mbuni akatazama jua, akashika filimbi. Yangeyange akaruka juu ya ua, akatua mbele ya Pimbi.

"Kocha, Mwenyekiti anashauri namba tisa aanze."

"Aanze. Yuko wapi?"

Yangeyange akatazama huku na huku. Akaruka kwenda nje. Akarudi.

"Yuko nje."

"Basi akiingia ataanza. Na golikipa?"

"Naye yuko nje."

"Naye akiingia ataanza. Mbuni, baba, piga filimbi."

Fiiii.

Nyani wakashambulia. Mpira ukaenda golini kwa Nungunungu, chwa, ukanasa mgongoni. Wakaunasua, wakapiga tena. Chwa, ukanasa. Nguchiro akaupokea, akampa Mbweha, Mbweha akamtafuta Swala. Swala alikuwa pale pembeni, yuko huru, kama siku zote. Palipokuwa na nyasi alikimbia. Palipokuwa na vumbi aliruka. Puu. Bao.

Punda Milia akamgeukia Ngiri. "Huyu alikuwa benchi?"

"Alikuwa benchi."

"Miaka yote?"

"Ndugu yangu, acha nitazame."

Puu. La pili. Nyani wakapata moja, kwa mkono, na Mbuni hakuona kwa sababu kichwa chake kilikuwa chini kinatafuta filimbi. Swala akaongeza, puu, la tatu. Mechi ikaisha. Mashabiki wakaingia uwanjani wakambeba Swala, na Mwenyekiti huko nje akasikia shangwe isiyo na yeye ndani. Hilo lilimuuma kuliko miiba.

Pimbi akatoka nje kwa kupita langoni. Miguu haikumkauka. Akazunguka ua mpaka kwenye kichwa.

"Pole na miiba, Mwenyekiti."

"Nani wanashangiliwa huko?"

"Timu. Mashabiki wanauliza nani aliyeipanga. Wanasema maboga yote ya leo apewe yeye. Nimewaambia mimi sijui, mimi ni wa kuvaa filimbi tu."

Mwenyekiti akameza mate. Gulu.

"Mimi," alisema.

"Mwenyekiti?"

"Nimeipanga mimi."

"Wako mbali, hawasikii. Na wana shaka. Wanasema huenda ni bahati ya leo, na maboga hayatolewi kwa bahati."

Mwenyekiti akafungua mdomo wote, sauti ikapita juu ya ua, ikajaa uwanja. "Timu hii naipanga mimi. Leo, na jana, na siku zote. Tangu enzi za Kobe. Kocha hajawahi kupanga hata beki mmoja."

Bi Kanga, aliyekuwa ameweka birika lake karibu na tundu, akauliza kwa upole, "Hata siku tuliyofungwa tukaona aibu kurudi nyumbani?"

Mwenyekiti akafikiri. Akiikana siku moja, zote zitatiwa shaka. Maboga nayo yalikuwa mengi, harufu yake ilifika mpaka nje.

"Hata hiyo," alisema.

"Na Swala kukaa benchi?"

"Nilimweka mimi. Haya, leteni maboga."

Hakuna aliyeleta boga. Pimbi akarudi uwanjani, tena kwa lango, akasimama chini ya goli.

"Msemaji," alisema, "uliza swali lako."

"Kocha, umeshinda," alisema Yangeyange. "Swali la nini? Nenda nyumbani ukale na watoto."

"Leo nimeshinda. Kesho atanasuka. Uliza."

"Asipotajwa mtu unaondoka wewe. Unajua?"

"Najua."

"Na nikishauliza, huruhusiwi neno."

"Ndiyo maana nasema sasa. Uliza."

Yangeyange akapanda juu ya mwamba wa goli, akakohoa.

"Nani aondoke?"

Punda Milia akatazama kwato zake. Bi Kanga akatazama birika. Juu ya majabali, watoto wa Pimbi walikuwa wamekaa mstari, wanamtazama mama yao, na mama yao alikuwa amefunga mdomo kama sheria inavyotaka.

"Kuna mtu," alisema Ngiri.

"Yupo mtu," alisema Punda Milia.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema Yangeyange.

Hapa ngoja niwape funzo kabisa, maana baadaye mtaanza kubishana na hamtanisikia. Funzo la ngano hii ni hili: timu ina wenyewe. Shabiki mwema hulipa kiingilio chake, hunywa kahawa yake, na hamtaji mtu jina. Uongozi uachwe ufanye kazi, hasa ukiwa umekwama. Na mtoto mwenye adabu asimwulize mkubwa kwa nini anapita kinyumenyume.

— Mmelishika?

— Tumelishika.

— Mtalifuata?

— Kwa mbali.

— Basi ngano yangu imeufikia uzio. Aliye mwembamba apite nayo. Aliye mnene aiache ilipo.

Ngiri akatazama tundu. Akatazama makalio yaliyojaa pale, na mkia mfupi uliokuwa ukitingishika, tiki, tiki. Akautazama muda mrefu. Uso wote ulikuwa upande wa pili. Mkia hauna macho.

Yangeyange akafumba jicho moja, lile lililokuwa upande wa Ngiri.

Ngiri akasafisha koo.

"Kiboko," alisema.