Kwa Nini Mbwa wa Milimani Hupukutisha Manyoya

Zamani hizo, huku kwetu milimani ambako umande huganda juu ya majani, mbwa hakupukutisha hata unyoya mmoja. Ungeweza kumkumbatia ukiwa na nguo nyeusi na ukaondoka safi kama ulivyokuja.

Manyoya alikuwa nayo ya aina mbili, kama leo. Ya juu yalikuwa marefu na magumu, na kazi yake ilikuwa kuzuia mvua na jua. Ya chini yalikuwa laini, yamesongamana kama pamba, na kazi yake ilikuwa kutunza joto. Shida ni kwamba hayo ya chini hayakuwa na msimu wa kuondoka. Miezi ya baridi Mbwa alilala nje akikoroma kwa raha. Miezi ya joto ikifika, alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya blanketi saa saba mchana.

Mbwa huyo aliishi na mwanamke mmoja aliyeitwa Tusekile, mfugaji wa kondoo. Kondoo ndio waliomlisha Tusekile na watoto wake, na Mbwa ndiye aliyewalinda kondoo. Siku moja ya joto Tusekile alirudi kutoka shambani akakuta Fisi amekula mwanakondoo, na Mbwa yuko mtoni, maji yamemfika shingoni.

"Wewe! Nilikuweka ulinde kondoo au ulinde maji?"

"Mama, usinigombeze bure," alisema Mbwa. "Hebu vaa mablanketi yako yote, ukimbizane na Fisi mpaka kule juu, halafu urudi tuzungumze."

Tusekile alicheka, ingawa mwanakondoo alimuuma moyoni. Alikuwa mtu wa kondoo tangu utotoni, na watu wa kondoo wanajua dawa moja tu ya manyoya mengi, nayo ni kisu. Akamlaza Mbwa ubavu, akambana kwa magoti, akamnyoa mpaka ngozi ikabaki wazi kama kiazi kilichomenywa.

Kondoo walipomwona waliacha kula.

"Karibu kwenye ukoo, mjomba!"

"Mjomba, sufu yako imetosha hata kofia?"

Mbwa alivumilia. Lakini jua lilimbabua mgongo, na mvua ilipokuja ilimwingia moja kwa moja mpaka akatetemeka. Manyoya yalipoanza kuota tena, yale laini yalitangulia, na yale marefu yakachelewa. Kwa hiyo jua lilipiga juu ya pamba tupu, na joto likawa kali kuliko mwanzo. Tusekile alipotoka tena na kisu mkononi, Mbwa hakusubiri kuitwa. Alikimbia mpaka kwenye kilima cha Fisi.

Fisi alimpokea kwa furaha kubwa. "Karibu, ndugu yangu. Hapa hatunyoi mtu. Wewe utatuonyesha tu jinsi mlango wa zizi unavyofunguliwa, basi."

Tusekile aliyasikia maneno hayo, kwa sababu alikuwa amemfuata Mbwa nyuma, akihema. Alijua kwamba akirudi peke yake, zizi litakuwa tupu kabla ya mvua, na watoto watabaki wanamtazama tu. Akakitupa kisu bondeni. Akaketi chini, akafungua viganja vyote viwili.

"Mwanangu, nimekosea. Nilikunyoa bila kukuuliza."

"Na manyoya hukuyauliza," alisema Mbwa, akiwa bado amenuna. "Anza na hayo."

Kuzungumza na manyoya mbele ya Fisi ni aibu, lakini Tusekile alisogea, akapenyeza vidole mgongoni kwa Mbwa, akainama. "Nyie mlioko chini, mbona joto likija hamtoki?"

Sauti nyembamba zikamjibu kwa pamoja. "Tutokeje, mama? Kaka zetu wa juu wamesimama mlangoni, na wewe ukija unawakata wao. Wasogeze kwa mkono, utuvute sisi taratibu, tutatoka. Baridi ikirudi na sisi tutarudi. Ila usituchome moto. Sisi hatujui kukaa bila kiumbe wa kumpasha joto."

Tusekile akaahidi. Kwa mkono mmoja akayalaza pembeni manyoya marefu, kwa mwingine akavuta yale laini, nayo yakatoka bonge zima kama ngumi. Akavuta tena, yakatoka tena. Alipofika nyuma ya masikio, Mbwa alifumba macho. Alipofika juu ya mkia, mguu wa nyuma ulianza wenyewe kukuna hewa.

Fisi akasogea karibu. "Na mimi je, mama?"

"Wewe una nini cha kuchana, shemeji?" aliuliza Mbwa, na Fisi akaenda zake akinung'unika.

Walipomaliza, rundo lilikuwa kubwa hata ungedhani kuna mbwa wa pili amelala pale. Mbwa akajikung'uta, akaona mwili mwepesi, akashuka mlima mbio na kufika zizini kabla ya Tusekile. Tusekile aliyabeba manyoya yote kwenye kanga, akayatundika kwenye vichaka nyuma ya nyumba.

Na tangu siku hiyo, joto likikaribia, mbwa wa milimani hupukutisha manyoya ya chini. Utayakuta kitandani, utayakuta kwenye ugali, na kufagia hakusaidii. Kwetu hatumnyoi mbwa. Tunakaa naye nje tukiwa na kichana cha mti, tunamchana kabla ya kumwogesha, maana akilowa kwanza manyoya hugandamana kama tope. Hayo yanayotoka hatuyachomi. Tunayaacha vichakani, na ndege wadogo wanaotaga msimu huo huja kuyachukua kwa midomo. Ukichungulia kiotani utakuta makinda wamelala juu ya manyoya ya mbwa, wana joto, na mbwa mwenyewe yuko chini ya kichaka hichohicho, anawabwekea.