Mama Aliyehamisha Mawe ya Wenyeji

"Nani amewaua?"

Daktari mmoja wa meno aliuliza hivyo asubuhi, amesimama katikati ya chumba cha kusubiria wagonjwa. Kwenye benchi walikaa watu saba na mashavu yao yaliyovimba. Nyuma ya daktari kulikuwa na tangi kubwa la kioo, na juu ya maji walielea samaki watatu wa mapambo, walionunuliwa jana yake tu.

Msicheke kwanza, wapendwa. Lile tangi lilikuwa na kazi. Watoto walioletwa kung'olewa meno walikuwa wakiwatazama samaki mpaka wanasahau kulia. Ndiyo maana dokta alipandwa na hasira, akampigia simu mama aliyemuuzia.

"Mama, umeniuzia samaki wagonjwa!"

"Uliwaingizaje kwenye tangi, Dokta?"

"Kwani kuna kuwaingizaje? Nilikata mfuko nikawamwaga. Wagonjwa wote wakapiga makofi, tukapiga na picha. Sasa niletee wengine. Na hao wakifa, kila atakayekaa kwenye kiti changu nitamwambia samaki wako ni wabovu."

Fikirieni hilo tishio. Mji wenyewe mdogo, wa nyanda za juu, ambako asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Mama alikuwa na duka moja tu, na ndilo lililokuwa likimlisha. Na daktari wa meno, mnajua wenyewe, anaongea na mtu aliyepanua mdomo asiyeweza kumbishia.

Mimi ningebishana. Mnanijua. Yule mama hakubishana, alisema tu, "Nawaleta mwenyewe."

Akaja mchana, na mfuko wa plastiki umejaa maji, ndani yake samaki watatu wadogo wa rangi ya chungwa. Kitu cha kwanza alichofanya, akazima taa ya tangi.

"Mama, unazima taa? Watu wamekaa hapa wanataka kuwaona!"

"Wewe Dokta, siku ya kwanza ugenini ulimulikwa tochi usoni?"

Watu wa benchi wakacheka, hata wale ambao kucheka kuliwauma. Mama akauweka mfuko juu ya maji ya tangi, haujafunguliwa, ukaelea. Maji ya tangi yalikuwa ya uvuguvugu, ya mfuko yalikuwa yamepoa njiani. Akasubiri dakika ishirini mpaka yakalingana. Ndipo akaufungua, akachota nusu kikombe cha maji ya tangi, akayatia mfukoni taratibu. Akasubiri. Akatia nusu nyingine. Akasubiri tena. Saa nzima, amesimama, miguu yenye umri wake. Dokta akatoka chumbani kwake mara ya tatu.

"Mama yangu, si maji tu? Maji ni maji."

"Na jino si jino tu? Mbona unachoma ganzi kwanza?"

Jamani, nampenda mwanamke huyu! Hana shahada, hana kipaza sauti, na ameshinda mdahalo kwa sentensi moja huku mkono wake umeshika kikombe.

Lakini sijafika kwenye lile lililonifanya nimlete kwenu leo. Ndani ya tangi kulikuwa na samaki wenyeji, na mmoja wao mkubwa, wa miaka minne. Alikuwa na pango lake la mawe upande wa kushoto, na yeyote aliyekatiza pale alifukuzwa. Mama akawatupia chakula wenyeji wote, washibe kwanza. Kisha akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akauzamisha mkono, akaanza kuyahamisha mawe. La kushoto likaenda kulia. Pango likavunjwa, likajengwa kwingine. Majani yakang'olewa, yakapandwa upya.

Dokta akapiga kelele. "Unamvurugia mwenyeji kwa ajili ya wageni wa leo? Huyu ana miaka minne humu!"

"Ndiyo maana. Kila jiwe analijua, kila jiwe ni mpaka wake. Nikiyaacha yalivyo, hawa watoto wakiingia ni wavamizi. Nikiyapanga upya, leo humu ndani kila mmoja ni mgeni."

Akawachota wale watatu kwa kichungi kidogo, mmoja mmoja, akawaachia nyuma ya majani. Samaki mkubwa hakuwagusa. Alikuwa anazunguka tangi zima akitafuta pa kukaa, kama wao.

Wiki tatu baadaye wote watatu walikuwa hai. Dokta akampigia mama simu, safari hii kwa furaha. "Mama, hawa ndio samaki! Wale wa kwanza kweli walikuwa wagonjwa."

"Dokta, wale na hawa walikaa tangi moja dukani kwangu, na walifika siku moja. Wote walikuwa wazima. Wale mliwaua kwa kuwapokea vile."

Na mimi hapo nilijiona mwenyewe, kwa sababu nipo kwenye kamati ya ukaribisho ya ushirika huu wetu wa Kikristo hapa chuoni.

Sisi tunafanyaje? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia mlangoni, hajui hata choo kiko wapi. "Wageni wote wasimame tuwaone!" Jina lako, kozi yako, umeokoka lini. Mpigieni makofi ya nguvu! Akikaa tu, anaguswa bega: "Samahani mpendwa, hapo huwa anakaa mratibu wa maombi." Jumapili ya pili anakaa peke yake, sisi tunacheka utani wetu wa mwaka juzi. Jumapili ya tatu hayupo. Halafu tunakutana kwenye kamati, tunakunywa chai, na mtu anasema kwa upole kabisa, "Alikuwa bado mchanga kiroho."

Mchanga! Tunampa mtu ugonjwa ambao hakuja nao. Sentensi hiyo nimeisema mwenyewe, Oktoba iliyopita, juu ya dada ambaye leo ninapishana naye bwenini na haniangalii.

Najua kuna anayesema moyoni, kwani abadilike nani, si yeye ndiye mgeni? Hiyo ni hoja ya dokta neno kwa neno. Basi nijibuni. Yule samaki mkubwa alipoteza nini? Maji yake yaleyale. Chakula chake kilekile, na alikula kwanza. Alipoteza kona. Kona tu! Sasa sisi tunapong'ang'ania viti vyetu, zamu zetu za kuimba na majina yetu ya utani, tunalinda imani au tunalinda kona? Na kama Mungu mwenyewe akizamisha mkono humu ndani akaanza kusogeza mawe, tutamshukuru au tutamwitia kikao?

Sina la kuongeza ila ombi moja. Tunaokaa safu mbili za mbele kila wiki, mimi nikiwemo: Jumapili ijayo naomba tukakae nyuma, karibu na mlango.